Stauti ya shemeji na mtumbwi wa mjomba

Desemba 2019 shemeji yangu, mume wa dada, alikuja likizo toka Chicago akafikia kwetu Kirumba, Mwanza, na kwenye begi katikati ya nguo alikuwa amezungushia taulo chupa moja ya bia. Moja tu, nusu lita. Akasema hii inatoka mara moja kwa mwaka, ile Ijumaa baada ya sikukuu yao ya shukrani mwezi wa 11, watu wanapanga foleni na baridi lote lile, inaitwa Bourbon County ya Goose Island, imperial stauti, yaani bia nyeusi nzito na kali, iliyolazwa kwenye mapipa yaliyotoka kuhifadhi burboni, wiski ya Kimarekani.

Mimi nimekulia kwenye bia zetu za Balimi na Safari, nikaipokea kwa heshima zote nikaiweka friza.

Jioni tukakaa uani, mimi, shemeji na mjomba aliyekuwa amekuja toka Bukoba kutibiwa macho. Umeme haukuwepo na mwezi haukuwepo, ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kama mji mwingine. Shemeji akamimina kidogo kidogo kwenye glasi za chai, nyeusi tii, nzito, povu la kahawia halikukaa hata dakika. Nikapiga funda. Uchungu na ukali basi, hakuna kingine, nikaumia moyoni kwa sababu mtu kaivusha bahari kwa ajili yetu.

"Iache kwanza shem, ipate joto," akasema, "hii hainywewi barafu. Ina kilevi zaidi ya asilimia 14 hii, hizi zetu ziko kwenye 5 hivi."

Basi tukaiacha, tukala sato na ugali, ndo akaanza kueleza habari ya mapipa, kwamba ni ya mbao za mwaloni, na mjomba akadakia, "Mwaloni hapa sokoni kwa samaki?" Hapana mjomba, mwaloni mti. Pipa linachomwa ndani kwa moto mpaka linaota mkaa, na sheria ya kule inasema burboni lazima ilale kwenye pipa jipya, kwa hiyo likishatoa wiski mara moja wenyewe hawawezi kulirudia kwa burboni nyingine, wanaliuza, na watu wa bia wanalichukua na utamu wa wiski umo bado kwenye mbao.

Mjomba akanyamaza kidogo halafu akainua glasi yake, akainusa muda mrefu kabla ya kunywa.

"Mjomba," akaniita, "huu ni mti. Nusa. Sisi lubisi, pombe yetu ya ndizi, tunailaza kwenye mtumbwi, ule wa mti uliochongwa, ndizi umekamua kwa miguu na majani, unatia mtama uliokaangwa, unafunika. Ukiitia kwenye ndoo ya plastiki inakuwa pombe lakini siyo lubisi."

Nikanusa. Aisee. Ilikuwa imefunguka yaani kama siyo ile ya mwanzo, vanila kwanza, halafu kahawa iliyoungua kidogo, chokoleti, sukari guru, na nyuma kabisa mbao, mbao kavu yenye moshi. Ikapita kooni taratibu na joto lake likabaki kifuani muda. Nilikuwa nimeionja kama saa moja kabla na sikuona hata kimoja kati ya hivyo. Na mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu ndo aliyenionyesha, hilo mpaka leo linanigusa.

Shemeji akamuuliza, je mtumbwi ukichakaa? Mjomba akasema wa kwao ulichongwa na baba yake na bado upo.

Tulikuwa na kama vidole viwili kila mtu, tukavinywa mpaka karibu saa 5 usiku. Dada alipokuja kukusanya vyombo mjomba akaifunika glasi yake kwa kiganja, akasema hii isioshwe. Asubuhi nilimkuta kibarazani kaishika, tupu, anainusa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Njoo, bado imo."

Nikainama nikanusa. Kweli, mti ulikuwepo.