Bibi anamsukuma nani?

Juzi mwanangu alikuwa anachezea simu yangu, akaibukia kwenye zile picha za zamani ambazo kazi yangu ni kuzihamisha simu hadi simu bila kuzitazama. Akanigeuzia kioo. "Mama, kwani hapa bibi anamsukuma nani?"

Ni ile ya bonanza. Mama kavaa fulana ya njano ya klabu, kanga kaifunga kiunoni juu ya traksuti, raba miguuni ni zangu, na mikono yote miwili imeshika chuma cha nyuma cha baiskeli ya fundi viatu. Ile ya magurudumu matatu, ya kuzungusha pedeli kwa mikono. Fundi kainama mbele, jasho limemgandisha fulana mgongoni. Ukiitazama hivyo hivyo, jibu unalo.

Ilikuwa 2017. Desemba iliyotangulia, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alikuwa ameagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, kwa sababu ya haya magonjwa yetu ya presha na kisukari. Ghafla hata waliozoea kupanda gari kwenda dukani wakaanza kununua raba. Temeke tulilipokea tangazo kwa kiburi kidogo, maana huku Jumapili alfajiri hulali hata ukitaka. Klabu za jogging zinapita, hawa wanaimba, wale wanapiga filimbi, mbwa nyuma. Ni mchakamchaka wa shule na wa JKT uliohamia mtaani, ukaongezewa katibu, mweka hazina na daftari la misiba. Mimi, niseme ukweli, nilifuata daftari. Mtu akifiwa klabu inakuja na maturubai na michango, na kwetu mwaka ule tulikuwa tumezika sana.

Mama alikuja kwa ajili ya presha. Fundi alikuja mwenyewe. Tulimkuta njiani Jumapili moja, akaunga msafara, wiki iliyofuata akadai fulana.

Katibu wetu akafurahi kupita kiasi. Akapitisha sheria kwamba msafara utakwenda kwa kasi ya wa mwisho, na wa mwisho, kwa hesabu zake, alikuwa fundi. Siku ya bonanza akamtanguliza kabisa, mbele ya bango.

"Mmeniweka mbele kama jeneza," fundi akasema. Alitaka katikati, kwenye utani.

Tulitoka Mwembe Yanga na klabu waalikwa, tukakatiza Temeke, tukashika njia ya Chang'ombe kwenda Uwanja wa Taifa, kabla haujaitwa Mkapa. Kwenye jogging anayeamua mwendo ni mwimbishaji, si mwenye miguu mirefu. Akivuta wimbo, hatua zinafupika. Akiukata kata, mnakimbia bila kujua. Siku hiyo alivuta mno, kwa heshima ya fundi. Vijana wa nyuma wakawa wanakanyagana visigino na kusonya.

Nilikuwa ubavuni mwa baiskeli, na kilichokuwa kinanishangaza ni breki. Raba za breki alizichonga mwenyewe kutoka soli ya kandambili, na zilikuwa zinalia karibu njia nzima. Kwenye lami iliyonyooka, mtu aliyewekewa sheria ya kusubiriwa alikuwa anajizuia asituache. Tuta ndilo lilikuwa linamsumbua: anapunguza, anaingiza gurudumu la mbele, anavuta pumzi, anazungusha kwa nguvu hadi mabega yanapanda masikioni, halafu akishatua upande wa pili anabana tena breki.

Tulipofika Chang'ombe Mama akaacha kuitikia. Mnamjua Mama, wimbo ukiwa na kiitikio hawezi kunyamaza hata awe anakaanga samaki. Nikageuka nikaona mdomo uko wazi na hakuna sauti, mkono umeshika kiuno. Kabla sijasema lolote fundi alishageuza shingo.

"Bimkubwa, shika hicho chuma cha nyuma. Usikilalie, kishike tu."

"Nitakuchosha, baba."

"Humu napakia gunia la viatu. Wewe una kilo ngapi?"

Akashika. Fundi akaachia breki, kelele ya kandambili ikakatika, ikabaki ya mnyororo. Niliona mishipa ya mikono yake inavyosimama kila pedeli inapopita juu, na nikaona miguu ya Mama, ambayo ilikuwa inaburuza raba zangu chini, ikianza kunyanyuka tena, kwanza kulia, halafu yote. Hakumsukuma. Alikuwa anavutwa, taratibu, kwa kipimo cha mtu anayejua uzi utakatikia wapi. Wimbo wa pili akaitikia nusu. Wa tatu akaitikia wote, na kupotosha maneno kama kawaida yake.

Karibu na geti la uwanja kuna kijana alipiga goti barabarani na kamera.

Mgeni rasmi aliposhika kipaza sauti akamsifu "mama yetu huyu, ambaye pamoja na umri wake amejitolea kumsukuma mwenzetu mwenye ulemavu." Makofi. Mama akafungua mdomo. Fundi akamgusa na kiwiko. "Nyamaza, bimkubwa. Fulana kwanza."

Fulana ziliahidiwa pale pale, pamoja na mipira. Fulana zilikuja. Mpaka leo sijui niite nini kilichofanyika pale. Mikono ilikuwa ya fundi, na sifa iliyoliwa ilikuwa yake. Kama aliamua kuiuza kwa dazeni kadhaa za fulana, mimi nani nimsemee? Lakini makofi yale yalinikaa vibaya, na supu ilipokuja nilikunywa bila hamu. Mama alikunywa mbili.

Kwenye kuvuta kamba tulimweka fundi mwisho, akafunga breki. Wapinzani walikata rufaa.

Miezi michache baadaye klabu ikapasuka. Vijana walisema mwendo wetu ni wa kwenda kuzika, wakaanzisha yao, wanatoka saa kumi na moja na nusu na wanafika mbali. Tuliobaki tulikuwa akina mama, wastaafu, wenye presha, na sheria yetu ya kasi ya wa mwisho. Jumapili ya kwanza tukasimama Mwembe Yanga kumsubiri fundi. Katibu akampigia simu. Alikuwa Uhasibu, na vijana, anahema, anacheka.

"Nyie mnanichelewesha," akasema.

Mama alinuna vibaya. Raba zangu zilipobanduka soli akazipeleka kwa fundi mwingine, wa mbali, na akazishona vibaya.