Mita 780 chini ya bahari

Anayevuka kwa miguu handaki la Kanmon, nchini Japani, halipi kitu. Mwenye baiskeli anatumbukiza yeni 20 kwenye kisanduku, na haruhusiwi kuipanda. Ataisukuma mpaka ng'ambo. Unashuka kwa lifti upande wa Moji, kisiwa cha Kyushu, unatembea mita 780 chini ya bahari, unapanda lifti nyingine na kuibukia Shimonoseki, kisiwa cha Honshu. Katikati pamechorwa mstari sakafuni: huku mkoa wa Fukuoka, kule Yamaguchi. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1958. Jumapili asubuhi hukutana humo na wazee wanaofanya mazoezi, mikono ikipunga, na wananipita bila hata kuhema.

Nakaa Yahata, katika jiji la Kitakyushu, huu mwaka wa sita. Watu wakinipigia simu huniuliza habari za Tokyo. Za Tokyo sina. Japani yangu mimi ni mlangobahari huu wa Kanmon na vilima vilivyo nyuma yake.

Mimi ni mtu wa pwani, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokitazama ni maji. Pembamba pa mlango huu hapafiki mita 700, na mkondo ukishika kasi unakimbia hadi karibu kilomita 18 kwa saa. Kandokando wameweka mabango makubwa ya taa kwa ajili ya manahodha: herufi E au W, kisha namba, kisha mshale. E, maji yanakwenda mashariki, W, magharibi. Namba ni kasi, na mshale unaonyesha kama kasi inapanda au inashuka. Ukikaa saa chache utaona herufi imebadilika. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1185 ukoo wa Taira ulipigana hapa na Minamoto, mkondo ukageuka katikati ya vita, na ukoo wa Taira ukaishia majini.

Meli hazikatiki. Za kontena, za saruji, za magari zilizo kama ghorofa lisilo na madirisha. Ukizitazama ndipo unapokumbuka kwamba nchi hii haina karibu chochote cha kuchimba siku hizi. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yake yanatoka Mashariki ya Kati, madini ya chuma mengi yanatoka Australia na Brazili, na hata chakula, ukikipima kwa kalori, kinachozalishwa nchini hakifiki asilimia 40. Vinaingia vitu ghafi, vinatoka magari na mitambo. Kwa uzito, karibu biashara yote na nje inapita majini.

Zamani walau makaa ya mawe yalikuwepo, tena jirani, katika bonde la Chikuho. Ndiyo sababu serikali ilijenga kiwanda cha chuma hapa Yahata: makaa nyuma, bahari mbele. Sehemu ya fedha ilitokana na fidia ambayo China ililipishwa baada ya kushindwa vitani mwaka 1895. Ramani walichora Wajerumani. Tanuru likawashwa mwaka 1901, likasumbua, mwaka uliofuata likazimwa, na halikutulia mpaka 1904. Nalipenda sana tukio hilo, maana huku husikii mtu akilitaja anapowasifu Wajapani kwamba kila kitu chao hufanya kazi siku ya kwanza.

Miaka ya 1960 moshi wa hapa ulikuwa wa rangi nyingi, na watu walijivunia. Ghuba ya Dokai, ambako viwanda vilimwaga maji machafu, iliitwa bahari ya kifo. Walioanza kusema "basi" ni akina mama wa Tobata, sehemu ya jiji hilihili, wengine waume zao wakiwa wafanyakazi wa viwanda hivyohivyo. Walikusanya masizi, wakayapima, wakaketi na maprofesa kujifunza, na mwaka 1965 wakatengeneza filamu yao wenyewe. Hebu fikiria ujasiri wa kumpinga anayemlipa mumeo mshahara! Leo samaki wamerudi ghubani.

Sasa vilima. Japani ina eneo la kilomita za mraba kama 378,000, lakini theluthi mbili ni misitu, na mingi iko milimani. Tambarare hapa Yahata zilichukuliwa na viwanda na reli, wafanyakazi wakapanda juu. Kwetu gari halifiki. Kuna ngazi 112, nimezihesabu nikiwa na mfuko wa mchele wa kilo 10 begani. Mchele haukuwa wangu. Ni wa mzee jirani, mstaafu wa kiwanda, mwenye miaka 84.

Yeye anakumbuka watoto walivyokuwa wakigombana kwenye ngazi hizo. Jiji lilipita watu milioni moja. Sensa ya 2020 ilikuta kama 939,000, na karibu mmoja kati ya watatu amevuka miaka 65. Taifa zima lilifika kilele cha watu milioni 128 mwaka 2008, tangu hapo linashuka. Mwaka 2024 walizaliwa Wajapani wasiofika 700,000, wakafariki milioni 1.6. Nyumba tupu nchini ni milioni 9. Katika ngazi zetu ziko nyumba saba, na nne hazina mtu.

Nilimwambia mzee kwamba mwaka 2023 Ujerumani imeipita Japani kiuchumi, imekuwa ya tatu. Wajapani walikuwa wa pili tangu 1968, China ikawapita 2010. Alicheka mpaka akakohoa. "Tanuru walituchorea wao," akasema, "acha wapite."

Mwezi uliopita nyumba ya mbele yetu ilibomolewa. Vijana wawili wa Kivietinamu waliteremsha mbao kwa mikono, safari baada ya safari, kwa sababu ya zile ngazi. Sasa kibarazani kwa mzee panaonekana mpaka chini, kwenye lile tanuru la zamani walilolihifadhi, lenye bango la 1901. Ameomba nimsaidie kugeuza kiti chake kielekee huko.