Kidole cha Mwisho Kwenye Nobu ya Sauti

Mwanangu alinikuta nimepiga magoti nikipanga pedali sakafuni, vile visanduku vinavyobadili sauti ya gitaa la umeme. "Baba, mbona hizi unazikanyaga?" Nikamjibu kwamba mikono ya mpiga gitaa ina kazi nyingi, ndiyo maana mguu unasaidia. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nawaza, kwa sababu mtu aliyenionyesha pedali inavyopigwa hakutumia mguu kabisa.

Ilikuwa mazoezini, jioni. Mimi rizimu, yeye solo, na sote tulimwita Kaka. Kwangu wakati ule pedali ilikuwa ya kuwasha na kuzima: ubeti safi, kiitikio kinakoroma, basi. Kaka alikuja na fazi moja ya duara, yaani pedali inayoipasua sauti ya gitaa mpaka ikorome, ya aina ya Fuzz Face, ile iliyotoka London mwaka 1966 na Jimi Hendrix akaipa jina dunia nzima. Nobu mbili, swichi moja, betri ya volti 9 tumboni.

Tukamaliza kiitikio, dramu zikashuka, besi ikabaki na noti moja moja. Nikautazama mguu wake nikisubiri ukanyage. Haukusogea. Kilichosogea ni kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kilichokuwa kimelala juu ya nobu ya sauti ya gitaa. Akairudisha kutoka 10 hadi kama 6 hivi, huku mkono ukiendelea kucharaza. Mkoromo ukaanza kujivua. Kwanza uzito ulipungua, halafu mpasuko ukaondoka, ikabaki sauti angavu yenye makali kidogo pembeni, kila uzi ukisikika peke yake. Akicharaza kwa nguvu, mpasuko unachungulia. Akigusa kwa upole, unajificha. Kiitikio kilipokaribia akaizungusha tena taratibu mpaka mwisho, na mkoromo ukapanda ukajaza chumba. Mguu pale pale.

Niliacha kupiga. Wenzangu walidhani nimekatikiwa na uzi.

Baadaye akaniita, "Njoo ujaribu, mdogo wangu." Akachomoa kila kilichokuwa kati ya gitaa langu na fazi yake, akaunganisha waya moja kwa moja. Fazi za namna ile zinazielemea pikapu zenyewe, zile sumaku za gitaa zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, kiasi kwamba gitaa na pedali vinakuwa kama saketi moja: ukigusa nobu ya gitaa, umeigusa na fazi. Ukitanguliza pedali yenye bafa, saketi ndogo inayosimama kati ya gitaa na kinachofuata, kama zilivyo baadhi ya tyuna za kulinganishia nyuzi, uhusiano huo unakatika. Sauti inakuwa ya kukwaruza, na nobu inaipunguza bila kuisafisha vile. Ndiyo maana wengi huitanguliza fazi, ovadraivu, zile pedali za mpasuko mwepesi, zikafuata, na dilei, pedali ya mwangwi, ikakaa karibu na mwisho, ili mwangwi uirudie noti iliyokwisha kupasuka. Dilei ikitangulia, miangwi yote inapasuliwa pamoja na noti mpya na hakuna kinachosikika vizuri. Akanitahadharisha pia kuhusu joto, maana transista za jerimaniamu, vile vipande vinavyokuza sauti ndani ya fazi, hubadilika tabia chumba kikichemka.

Sikumbuki tulipiga nini tena jioni ile.

Tangu hapo nimepiga fazi za jerimaniamu na za silikoni. Za silikoni zina makali zaidi na hazisumbuliwi sana na joto. Za jerimaniamu, kwa sikio langu, husafika kwa utamu zaidi. Lakini ile sauti angavu ya Kaka naipata mara chache, na kuna siku siipati kabisa, kwa gitaa lile lile na amplifaya ile ile. Huwa naanza kwa kuishuku betri, kisha transista. Halafu najikuta nautazama mkono wangu wa kulia, nikijiuliza yeye alikuwa akizigusa nyuzi kwa uzito gani.