Mama anakula vizuri, lakini mwili ulikuwa haupokei

Wenye wazazi waliovuka miaka 60, naomba msome hili. Mama yangu anakula vizuri kuliko sisi sote: dagaa, mayai, mtindi, mboga za kila aina. Hata hivyo miguu ilianza kumfa ganzi, akawa anatembea akishika ukuta, akasahau sufuria motoni. Kila mtu akasema ni uzee tu. Daktari mmoja ndiye aliyeagiza kipimo cha damu cha vitamini B12. Ilikuwa chini sana.

B12 iliyomo kwenye nyama na samaki imeshikana na protini, na asidi ya tumboni ndiyo inayoitenganisha. Kisha kuna protini nyingine, inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, ambayo huisindikiza hadi mwisho wa utumbo mwembamba, ndipo inyonywe iingie kwenye damu. Umri ukisonga, kwa baadhi ya wazee ukuta huo hunyauka na asidi hupungua. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ikitumiwa muda mrefu huongeza tatizo, na metformini ya kisukari vilevile. Mama anatumia metformini miaka mingi.

Alianzishiwa sindano za B12. Sasa anakwenda sokoni mwenyewe, na bei anazikumbuka zote! Ila vidole vya mguu wa kushoto bado vina ganzi, maana mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12 huenda isipone yote. Msiwaachishe wazee dawa kiholela, tafadhali. Muulizeni daktari kuhusu kipimo hiki, na muulize mapema.