Vipele vitatu usiku wa kuamkia safari

Nilikuwa namuogesha mtoto wangu wa pili, alikuwa na miaka mitano wakati huo, mabegi yako sebuleni yameshafungwa na moja nimeshalipima mara mbili, nikaona kipele tumboni. Nikajua ni mbu. Nikamgeuza nimsugue mgongo, kuna kingine. Cha tatu kilikuwa nyuma ya sikio na hicho kilikuwa na maji juu, kimekaa kwenye ngozi kama tone la umande, hapo mkono ukasimama. Mkubwa wake alishaugua tetekuwanga akiwa na miaka minne na ukishaiona kwa mtoto wako mwenyewe huisahau.

Ndege ilikuwa kesho yake saa nne usiku.

Tulikuwa watu watano, mimi, mume wangu na watoto watatu. Tunaenda kwa mama yangu, miaka mitatu hatujaonana, kitinda mimba wangu alikuwa hajawahi kumshika kabisa, anamuona kwenye simu tu anamwita bibi akigusa kioo. Tiketi tulikata miezi minne kabla, zile za bei ya chini ambazo ukighairi nauli hairudi, maana ukiwa wengi hivyo kila tofauti ndogo ya bei unaizidisha mara tano na haiwi ndogo tena.

Kwenye bima tulibishana. Mume wangu alitaka tuje tununue wiki ya safari, hoja yake bima ya safari inalinda safari na safari yenyewe bado, sasa tulipie nini miezi minne yote hiyo? Aliyenizindua ni rafiki yangu wa kazini, yeye alishapoteza tiketi za familia nzima, akaniambia nunua usiku huohuo unaolipia tiketi, kwa sababu kile kipengele cha kughairi kinaanza kukulinda ukishalipa, hakisubiri upande ndege, mtoto akivunjika mkono mwezi mmoja kabla umelindwa, lakini ukinunua mtoto ameshaanza kuumwa umetupa hela, ugonjwa ambao ulishaujua hawaulipi. Nikanunua usiku ule ule, nimechoka, macho yanafunga, nikaingiza watu wazima wawili na watoto wawili. Kitinda mimba sikumuandika. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, anasafiri kwa kupakatwa, tiketi yake ni kama asilimia 10 tu ya nauli ya mtu mzima, hana hata kiti, nikaona mtu asiye na kiti bima ya nini.

Basi usiku ule wa vipele nikamkausha mtoto, nikamvalisha pajama, nikaenda kumwambia baba yake. Tukakaa kimya. Nyumba nzima ina harufu ya nguo zilizopigwa pasi na watoto wanaulizana nani atakaa dirishani.

Nitasema ukweli, wazo la kwanza lililonijia halikuwa la daktari. Nilifikiria mikono mirefu. Uso wake bado safi, ni vitatu tu, anavaa fulana ya mikono mirefu na kofia, tunapita kaunta, tunapanda, akizidi tutakuwa tumeshafika na kwa mama kuna hospitali. Nilikaa na hilo wazo kama nusu saa nzima, nikapanga mpaka nguo gani. Mume wangu alikuwa anafikiria hivyo hivyo, nilimuona anavyomuangalia mtoto usoni akigeuza taa ya simu.

Nikampigia mdogo wangu anayeishi na mama. Nikamweleza. Akacheka akasema, "Dada njooni tu bwana, tetekuwanga nayo ni kitu? Watoto wote wanaugua." Nikafurahi, nilitaka mtu aniambie hivyo. Halafu mama akachukua simu, alikuwa amesikia. Akaniuliza ni tetekuwanga kweli? Nikamwambia nadhani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nyinyi wakubwa mliugua wote kwa pamoja, nyumba ikawa kama wodi. Huyu mdogo wenu alikuwa hajazaliwa. Hajawahi kuugua huyu. Msije."

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Ile fulana ya mikono mirefu niliitoa juu ya begi nikairudisha kabatini kabla sijalala.

Asubuhi vipele havikuhesabika, kifua chote, kichwani ndani ya nywele, na zile siku mbili za nyuma alivyokuwa na joto joto na kukataa kula sisi tulisema ni shauku ya safari. Tukawa wa kwanza mlangoni kwa daktari. Alimuangalia hata dakika moja haikuisha. Akanieleza kwamba mtoto anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla kipele hakijatokea na anaendelea mpaka vyote vikauke na kufanya magamba, na kirusi chenyewe kinasafiri kwenye hewa, si lazima umguse mtu, na mjamzito ambaye hajawahi kuugua anaweza kupata nimonia mbaya na akiugua karibu na kujifungua mtoto mchanga ndiye anayekuwa hatarini zaidi. Nikafikiria pia abiria ambaye angekaa kiti cha mbele yetu masaa yote yale, sijui ana hali gani, labda anatoka kwenye matibabu ya kansa, na mimi nimemfunika mtoto kofia.

Akaniandikia barua. Niliisoma nikiwa bado nimekaa, ilisema mtoto ana tetekuwanga apumzike siku saba. Nikamrudishia. Nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri nikasoma ule mkataba wa bima kwa mara ya kwanza tangu niununue, kurasa zote, na ulisema daktari awe ameona mgonjwa na kushauri asisafiri kabla hujaghairi. Kupumzika si kutosafiri. Nikamwomba, dokta samahani, naomba iandikwe hafai kusafiri kwa ndege, na lini vipele vilionekana mara ya kwanza, na tarehe na saa ya leo. Hakukasirika, akasema, "Mama uko sahihi," akaandika upya akagonga mhuri.

Kitu cha pili alichoniambia tukiwa tumeshasimama ndicho kilichonipita masikioni na namshukuru Mungu mume wangu alikisikia. Aliuliza nyumbani kuna mwingine ambaye hajaugua? Nikamwambia mkubwa alishaugua, wa mwisho bado, na chanjo yake hatukuwa tumempa. Akasema huyo naye mhesabieni, inachukua siku 10 mpaka 21 tangu akutane na mgonjwa, msikate tiketi nyingine mpaka zipite.

Tukarudi nyumbani nikapiga namba ya dharura ya bima. Dada aliyepokea alikuwa mpole ila mkali kwenye jambo moja, pigia shirika la ndege sasa hivi ughairi kabla ndege haijaondoka, usiache tu kutokea. Sikujua kama kuna tofauti. Kumbe usipotokea kwenye ndege ya kwenda wanaweza kufuta na ile ya kurudi, na bima wanakuuliza kwa nini hasara uliiacha ikawa kubwa kuliko ilivyolazimu. Akaniambia pia niombe uthibitisho wa maandishi wa kughairi unaoonyesha kila kilichorudishwa na ambacho hakikurudishwa, kwa sababu hata nauli isiporudi, zile kodi na ada za uwanja wa ndege ambazo hazikutumika mara nyingi unaweza kuziomba, na bima hawalipi kile ambacho shirika limeshakulipa.

Kwenye simu ya shirika nilisubiri dakika arobaini na muziki ule ule unarudia, mtoto mapajani anajikuna namshika mikono. Kijana aliyepokea alinionea huruma kweli, akaniambia badala ya kughairi naweza kuwasogezea nyote siku kumi mbele, mnalipa tofauti tu, nafasi zipo tano zimebaki, nikizifunga sasa hivi mnazo. Siku kumi! Moyo uliruka, nikaona huyu atakuwa ameshakauka, mama hatasubiri sana. Nilishasema sawa. Mume wangu akanigusa bega akaninyooshea vidole kwa kitinda mimba aliyekuwa anacheza chini na gari la kaka yake, akasema taratibu, siku ishirini na moja.

Nikamwambia yule kijana hapana, futa.

Kuna saa moja pale katikati mume wangu aliwaza aende yeye na mkubwa, kwa vile likizo yake kazini haihamishiki na mkubwa alishaugua zamani. Wote watano tulikuwa kwenye buking moja, ingebidi waitenganishe kwanza, na mimi nibaki na mgonjwa mmoja na mwingine anayesubiri kuugua, usiku silali. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyemaliza mjadala, akasema yeye haendi kwa bibi bila wenzake. Alikuwa na miaka minane. Akafungua begi lake akaanza kupanga nguo kabatini, sikumwambia mtu yeyote afanye hivyo.

Usiku ule wa Ijumaa saa nne tulikuwa wote watano kwenye kitanda chetu, mgonjwa katikati nimempaka losheni ya kupunguza kuwashwa, dirisha wazi. Ndege ilipita juu sana. Sidhani kama ni ile yetu lakini wote tuliisikiliza mpaka ikapotea.

Sasa klemu, yaani kuwadai bima walipe. Fomu ilikuwa ndefu na kuna sehemu ya daktari kujaza, anaulizwa mtoto alionekana mara ya mwisho lini na kwa tatizo gani, hapo ndipo wanapotafuta kama uliujua ugonjwa kabla ya kununua bima, na kwa sababu risiti yetu ya bima ilikuwa na tarehe moja na ya tiketi hapakuwa na swali. Waliuliza lingine lakini, kwa nini baba na mtoto mkubwa hawakusafiri wakati wako wazima. Mkataba ulisema ugonjwa wa mwanafamilia wa karibu unatosha kwa wote walioandikwa, nikawanakilia kipengele chenyewe na namba yake, nikaeleza mtoto wa miaka mitano mwenye homa na mdogo wake hawaachwi kwa mtu mmoja. Wiki saba. Walilipa wanne, na kwa kila mmoja wakakata ile sehemu ya kwanza ya hasara unayoibeba mwenyewe, wanaiita ekses, mimi nilidhani inakatwa mara moja kwa familia kumbe ni kwa kila kichwa, kwa hiyo mara nne. Inauma ukiiona kwenye karatasi.

Tiketi ya kitinda mimba hawakuilipa. Hakuwa kwenye orodha. Hela yenyewe haikuwa kubwa lakini kilichonikosesha usingizi ni kitu kingine, kwamba kama tungesafiri na yeye ndiye akaugua kule ugenini, akalazwa, hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Miezi minne yote nilitembea na amani kwamba familia yangu ina bima na mtoto mdogo kuliko wote ndiye niliyemuacha nje. Siku hizi namuandika wa kwanza.

Siku ya kumi na tano tangu kaka yake avae vipele, nikiwa namuogesha kitinda mimba kwenye lile lile beseni, nikamkuta nacho kimoja chini ya kidevu. Niliita baba yao. Alikuja akaangalia, akahesabu, kama tungechukua zile nafasi za siku kumi basi hapo tungekuwa tumeshafika kwa mama, mtoto anambusu bibi, anambusu mama yake mdogo tumboni, siku mbili anaambukiza na sisi hatujui. Nilikaa chini sakafuni pale bafuni, mtoto ana povu, nikalia. Mume wangu akammalizia kumuosha.

Huyo aliugua zaidi ya kaka yake, homa siku nne, mdomoni kote. Tuliwasubiri wote wakauke kabisa, tukasubiri na mdogo wangu ajifungue salama, ndipo tukakata tiketi tena, na hapo likatokea lingine, kitinda mimba angetimiza miaka miwili tukiwa huko, kwa hiyo hata kama anakwenda kwa kupakatwa kurudi lazima awe na kiti chake na nauli yake ya mtoto. Tukalipa. Na bima usiku huohuo, majina matano, nikayasoma kwa sauti mume wangu anayafuata kwa kidole.

Safari hii nilibeba barua mbili, moja kwa kila mtoto, zinasema aliugua lini na vipele vyote vimekauka tarehe fulani. Kaunta yule dada aliona makovu kwenye kidevu cha mdogo, akauliza, nikampa barua, akasoma akarudisha, hata dakika haikufika.

Tulifika alfajiri. Mdogo wangu alikuja kutupokea na mama, kichanga amemfunga kifuani kwa kitambaa. Watoto wakakimbia kwa bibi yao, mimi nikamwendea yeye, na kabla sijamkumbatia akarudi nyuma hatua moja, mkono juu ya kichwa cha mtoto, akaniuliza, "Dada, wamekauka wote?"

Nikafungua mkoba nikampa barua azisome mwenyewe.