Kupima Porphyromonas gingivalis anavyoshika glikoprotini za mate: mate ndiyo yaliyonisumbua

Nilihangaika kwanza na bakteria, kumbe kasoro ilikuwa kwenye mate. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza: chembe za hidroksiapatiti, madini yale yale ya jino, huvikwa protini za mate, kisha huwekewa P. gingivalis wa ugonjwa wa fizi ili kuona wangapi wameshika. Ninazozifuatilia zaidi ni glikoprotini, yaani protini zilizobeba sukari: musini mbili (protini za ute), MUC5B na MUC7, pamoja na nyingine iitwayo gp340. Statherini haina sukari, lakini siiachi nje, kwa kuwa fimbria za bakteria huyu, vile vijinywele vya kushikia, hung'ang'ania hapo pia.

Nachukua mate yanayotiririka yenyewe. Mtoaji hali chochote wala havuti sigara kwa saa 2, anasukutua kwa maji, anasubiri dakika 10, kisha anainamisha kichwa na kuyaacha yadondoke kwenye mrija uliozama katika barafu. Kwa mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika, dakika 15 hutoa kama mililita 5. Ukimtafunisha kitu utajaza mrija upesi, lakini sehemu kubwa itakuwa ya tezi ya parotidi, ambayo haitoi musini hizi. Mate yenye wekundu nayamwaga, hata yakiwa ya mtoaji niliyemngoja wiki nzima. Fibrinojeni na himoglobini za damu hushikwa na fimbria zile zile, na hapo hujui tena unapima nini.

Kosa langu lilikuwa hatua iliyofuata. Niliyazungusha mate mazito kwa nguvu ya 12,000 g (mara 12,000 ya mvutano wa dunia), nikayachuja kwa utando wa maikromita 0.22, nikapata maji safi ya kupendeza yasiyo na MUC5B. Molekuli zake hufungamana kwa viunga vya salfa kuwa nyuzi kubwa mno, za daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) milioni kadhaa. Zinazama na mashapo, zilizobaki zinanaswa na utando. Siku hizi nayazimua mate kwa bafa (mmumunyo unaotunza pH) kiasi kwa kiasi, nayageuza polepole kwa saa 1 kwenye nyuzi joto 4, kisha nayazungusha kwa 4,000 g kwa dakika 10. Sichuji. Bakteria wachache wa kinywani hubaki, lakini hawaharibu hesabu, kwa sababu P. gingivalis wangu wana alama yao, nitakayoieleza chini.

Kabla ya kuendelea nakagua kwa jeli inayotenganisha protini kwa umeme, na rangi unayotumia ina maana. Rangi ya Kumasi hushika protini, na musini imefunikwa sukari mno kiasi kwamba haionekani vizuri. Ukiitegemea utaamini huna kitu, au una kidogo. Natumia rangi ya asidi ya periodiki na Shifu, inayogeuza sukari kuwa waridi. Kwenye jeli ya kawaida ya akrilamaidi MUC5B hubaki mlangoni, kwenye kishimo cha kupakia, MUC7 huingia. Nisipoziona zote mbili, kipimo hakianzi.

Mchanganyiko wa dukani wa kuzuia vimeng'enya vinavyokata protini sitii. Mingi ina lyupeptini, ambayo huzuia jinjipaini, vimeng'enya vya P. gingivalis mwenyewe. Mingine ina EDTA, nayo hunyakua kalsiamu ambayo gp340 huihitaji ili ishike bakteria. Kinga yangu ni barafu na haraka: mate ya leo hutumika leo. Ikibidi kugandisha, nagawa mafungu ya mililita 1 kwenye nyuzi joto hasi 80, na fungu likishayeyuka halirudi. Mashapo meupe unayoyaona baada ya kuyeyusha ni protini, statherini ikiwemo.

Bakteria hawana mengi. Nyuzi joto 37, bila oksijeni, hemini (chanzo cha chuma) maikrogramu 5 na menadioni (vitamini K) 1 kwa kila mililita ya mchuzi wa kuoteshea. Kwenye agari ya damu makoloni huwa meusi baada ya siku kadhaa. Aina ndiyo ya kuchagua kwa makini: ATCC 33277 ina fimbria nyingi, W83 ina chache, hivyo matokeo yao usiyaweke kwenye safu moja. Alama ni thaimidini, kijenzi cha DNA, yenye tritiamu (hidrojeni yenye mnunurisho), inayotiwa kwenye mchuzi wakati wakikua. Rangi zinazojifunga kwenye protini za nje naziepuka, kwa kuwa zinaweza kuziba vishikio vyenyewe.

Bafa ina, kwa lita, kloridi ya potasiamu milimola 50, fosfati ya potasiamu 1, kloridi ya kalsiamu 1 na ya magnesiamu 0.1, pH 6.0. Chembe miligramu 5 hulowa humo usiku kucha, hukaa na mate kwa saa 1, huoshwa mara 3, kisha huzibwa kwa albumini ya ng'ombe. Osha kweli, maana musini iliyobaki ikielea huwashika bakteria kabla hawajafika kwenye chembe. Baada ya saa 1 na bakteria, ziache chembe zizame zenyewe. Ukizizungusha kwa mashine, bakteria ambao hawakushika watashuka nazo. Weka pia chembe tupu na mirija mitupu. Plastiki hushika wengi kuliko unavyotarajia.

Sivuki saa hiyo 1, kwa kuwa jinjipaini huanza kukata kile kile ninachokipima. Sambamba naendesha bakteria waliotangulia kuwekwa kwenye TLCK, inayozuia jinjipaini za aginini na za laisini. Pengo kati ya makundi hayo mawili hunionyesha ukataji umeingilia kiasi gani.

Kuhusu asidi ya sialiki iliyo kwenye ncha za sukari, naiondoa kwa sialidesi, kimeng'enya kinachoikata, juu ya chembe zilizokwisha kuvikwa. Kiwanda cha kimeng'enya hupendekeza pH 5 na kidogo. Hapo hidroksiapatiti huanza kuyeyuka na tabaka la protini za mate linabanduka, ukadhani ushikaji umepungua kwa sababu ya sukari. Nabaki pH 6.0 na kuongeza muda, huku kundi moja likipewa kimeng'enya kilichochemshwa. Kuthibitisha natumia lektini (protini inayoshika sukari) ya karanga: hushika galaktosi iliyoachwa wazi, na ikishika zaidi chembe zilizopewa kimeng'enya kizima kuliko zile za kilichochemshwa, asidi imeondoka.