Mvua ya mawe imenipitia

Jamani, mvua ya mawe ya juzi haikuwa na utani. Ilidumu muda mfupi tu, lakini boneti ya gari sasa ina vishimo kama uso wenye makovu ya ndui, na kioo cha mbele kimepata ufa unaotambaa kutoka pembeni.

Jua likiwa la utosini vishimo hivyo huvioni vizuri. Fundi alisubiri jioni, akainama usawa wa boneti, akaanza kuvizungushia chaki kimoja kimoja. Vikazidi kuongezeka! Nafuu ni kwamba rangi ikiwa haijapasuka, vingi husukumwa taratibu kutoka ndani kwa vyuma maalumu, bila kupiga rangi upya. Ufa wa kioo ndio hausubiri. Mtikisiko na joto huurefusha.

Nyumbani mabati yamebonyea tu, hayavuji. Vigae vya kibarazani ndivyo vimepasuka, nimefunika turubai.

Kabla hujagusa chochote, piga picha: gari zima kwanza, kisha kwa karibu, na mawe yenyewe yakiwa bado chini, pembeni ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa. Mkaguzi wa bima alizitazama sana hizo za mawe. Na soma mkataba wako. Bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako mwenyewe. Bima kubwa ndiyo huwa inagusa mambo haya, ukitoa kile kiasi unachochangia. Ya nyumba ni mkataba mwingine kabisa, na hao bado nasubiri simu yao.